Hodi Kabla ya Kamba ya Kupimia

Udalali wa ardhi nimeufanya miaka mingi hapa Mombasa, lakini hasara iliyonifunza kazi niliipata Pap Onditi, kule Nyakach, Kisumu. Mteja wangu alitaka shamba, na mzee mwenye shamba alikuwa tayari kuuza. Nilipofika, hodi sikubisha. Nikapita na kamba yangu hadi mpakani, nikaruka makaburi ya wazee wao yaliyo mle bomani, na mkewe aliyekuwa akipepeta mtama sikumsalimu. Mimi, mtoto wa Pwani!

Ndugu msomaji, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 yasema mauzo ya shamba bila idhini ya bodi ni batili. Na kwa sheria ya 2013, shamba ambalo ni mali ya ndoa ya mke mmoja haliuzwi mke asiporidhia. Siku ya kikao cha bodi mama akasimama, akasema hataki. Basi.

Baada ya mwezi nilirudi na sukari kilo mbili. Nikabisha, nikaomba radhi, nikaulizia mvua na wajukuu.

“Leo ndiyo umefika,” akasema.

Shamba hakuuza. Ila alimwita shemejiye, aliyekuwa na lake.