Mtihani wa Uraia wa Marekani: Maswali 128 na Maneno Yanayoweza Kumkwaza Mzungumzaji wa Kiswahili

Mwombaji wa uraia wa Marekani aliyewasilisha maombi yake kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 anakabiliwa na mtihani mpana kuliko uliokuwapo awali. Orodha ya maswali kuhusu serikali na historia ya nchi hiyo imeongezwa kutoka 100 hadi 128. Afisa wa uhamiaji huuliza hadi maswali 20 badala ya 10, na mwombaji hutakiwa kujibu 12 kwa usahihi badala ya 6. Mtihani hufanyika kwa mdomo, ana kwa ana, na afisa husimama pale mwombaji anapofikisha majibu sahihi 12 au anapokosea maswali 9.

Suala hili linawagusa Watanzania wenye kibali cha ukazi wa kudumu, maarufu kama kadi ya kijani, ambao kwa kawaida huruhusiwa kuomba uraia baada ya miaka 5, au 3 kwa walio katika ndoa na raia wa nchi hiyo. Linawagusa pia Wakenya, pamoja na wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo waliohamishiwa Marekani, wengi wao wakiwa wameishi kwa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma.

Sheria ya Marekani humtaka mwombaji kuonesha kuwa anafahamu Kiingereza. Hata hivyo, mtu mwenye umri wa miaka 50 au zaidi aliyeishi huko kwa miaka 20 akiwa mkazi wa kudumu, au mwenye miaka 55 aliyeishi kwa miaka 15, husamehewa sharti hilo na anaweza kujibu maswali ya uraia kwa lugha yake kupitia mkalimani. Mwenye miaka 65 na zaidi aliyetimiza miaka 20 ya ukazi hupunguziwa mzigo zaidi: huulizwa maswali 10 kutoka orodha fupi ya maswali 20, na hufaulu kwa majibu 6. Kwa hiyo wapo wazee wanaofanya mtihani huu kwa Kiswahili, na hapo ndipo maneno yaliyozoeleka nyumbani yanapoweza kupotosha.

Neno la kwanza ni jimbo. Kwa Mtanzania, jimbo ni eneo linalomchagua mbunge. Katika Marekani, jimbo ni kitu kikubwa zaidi: yapo 50, na kila moja lina katiba yake, bunge lake, mahakama zake na sheria zake za jinai. Adhabu ya kifo, kwa mfano, ipo katika baadhi ya majimbo na imefutwa katika mengine. Anayeongoza jimbo ni gavana, neno ambalo jijini Dodoma humkumbusha mtu Benki Kuu na jijini Nairobi humkumbusha mtu kaunti. Gavana wa Marekani hachaguliwi na Rais wala hawezi kufukuzwa naye kama anavyoweza Mkuu wa Mkoa wa hapa nchini, kwa sababu ameingia madarakani kwa kura za watu wa jimbo lake.

Akishaelewa hivyo, mwombaji hana haja ya kukariri jibu la swali linalotaka mamlaka ya serikali ya shirikisho na ya majimbo yatofautishwe. Kuchapisha fedha, kutangaza vita, kuunda jeshi na kufunga mikataba na mataifa ya nje ni kazi za shirikisho. Shule, polisi, zimamoto na leseni ya udereva ni mambo ya majimbo.

Neno la pili ni Baraza la Wawakilishi. Mzanzibari akilisikia hufikiria chombo cha kutunga sheria cha Zanzibar chenye makao yake Chukwani. La Marekani ni nusu moja tu ya Bunge, lina wajumbe 435 wanaochaguliwa kila baada ya miaka 2. Nusu ya pili ni Seneti, yenye maseneta 100 wa kipindi cha miaka 6. Mswada hauwi sheria mpaka upite kote kuwili na kumfikia Rais, ambaye anaweza kuukataa. Naye akiukataa, Bunge linaweza kuupitisha bila yeye kwa theluthi mbili ya kura katika kila upande.

Sababu ya kuwapo mabaraza mawili inastahili kuelezwa, maana ndiyo inayofungua maswali mengine mengi. Wajumbe walipokutana Philadelphia mwaka 1787 kuandika Katiba, majimbo yenye watu wengi yalitaka uwakilishi ufuate idadi ya watu. Madogo yalikataa, yakihofia kumezwa. Maafikiano yaliyofikiwa yalikuwa kuwapa wote walichotaka: baraza moja lihesabu watu, na jingine liyahesabu majimbo. Matokeo yake yanaonekana hadi leo. Baada ya sensa ya mwaka 2020, California ina viti 52 katika Baraza la Wawakilishi na Wyoming ina kimoja tu, lakini katika Seneti kila moja ina viti viwili.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayomchagua Rais. Wananchi hupiga kura, lakini kisheria wanachagua wajumbe watakaomchagua Rais kwa niaba yao. Kila jimbo hupata wajumbe sawa na jumla ya viti vyake katika mabaraza yote mawili, na mji mkuu wa Washington, ambao hauko katika jimbo lolote, umepewa wajumbe 3 tangu Marekebisho ya 23 ya Katiba ya mwaka 1961. Jumla yao ni 538, na mshindi ni anayepata angalau 270. Kwa kuwa karibu kila jimbo humpa mshindi wake wajumbe wote, isipokuwa Maine na Nebraska, mgombea anaweza kupata kura nyingi za wananchi nchi nzima na bado akashindwa. Ilimtokea Al Gore mwaka 2000. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa takribani kura milioni 2.9, lakini Trump ndiye aliyeapishwa. Msikilizaji wa redio aliyeshangazwa na matangazo ya miaka hiyo hakukosea kuhesabu. Alikuwa akihesabu kitu ambacho Katiba hiyo haikihesabu.

Linalomtatiza zaidi mtu aliyelelewa katika mfumo wa Tanzania ni utenganisho wa mihimili. Ibara ya 62 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamtaja Rais kuwa sehemu mojawapo ya Bunge, na mawaziri huteuliwa miongoni mwa wabunge, hukaa bungeni na hujibu maswali huko. Marekani haina Waziri Mkuu, na Katiba yake inakataza mtu kuwa mjumbe wa Bunge huku akishika wadhifa katika Serikali Kuu. Marco Rubio alilazimika kuacha kiti chake cha useneta wa Florida mwezi Januari 2025 ili awe Waziri wa Mambo ya Nje. Rais hana uwezo wa kulivunja Bunge. Makamu wa Rais huongoza Seneti, lakini hupiga kura pale tu kura zinapofungana.

Ikumbukwe pia kuwa cheo cha waziri nchini humo huitwa kwa neno la Kiingereza ambalo katika ofisi zetu hutafsiriwa kuwa katibu. Mkalimani asiye makini anaweza kumgeuza waziri kuwa katibu mkuu, na mzee anayejua jibu akaonekana hajui.

Mhimili wa tatu ni mahakama. Mahakama ya Juu ina majaji 9, wanaoteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti, na hakuna umri uliowekwa wa kustaafu. Ndiyo yenye neno la mwisho iwapo sheria inapingana na Katiba. Katiba yenyewe imerekebishwa mara 27 tangu ilipoanza kutumika mwaka 1789. Marekebisho 10 ya kwanza, ya mwaka 1791, ndiyo yanayoitwa Hati ya Haki, na humo mna uhuru wa kusema, kuabudu, kukusanyika na wa vyombo vya habari.

Katika historia, orodha inaanzia kwa makoloni 13 yaliyojitenga na Uingereza na Tamko la Uhuru la tarehe 4 Julai 1776, lililoandikwa hasa na Thomas Jefferson. Tarehe hizo hukaririka kwa urahisi. Uzito uko mbele kidogo. Tamko lilisema watu wote wameumbwa sawa. Katiba iliyofuata haikutumia neno mtumwa, lakini iliagiza kuwa, katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, watu wasio huru wahesabiwe kwa kiwango cha tatu ya tano ya idadi yao. Majimbo ya kusini yakapata viti vya ziada kwa ajili ya watu ambao hayakuwaruhusu kupiga kura.

Mgogoro huo uliishia katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, kuanzia 1861 hadi 1865. Abraham Lincoln alitangaza tarehe 1 Januari 1863 kuwa watumwa walio katika majimbo yaliyoasi wako huru. Marekebisho ya 13, mwaka 1865, yakaufuta utumwa nchi nzima. Ya 14, mwaka 1868, yakampa uraia kila anayezaliwa nchini humo akiwa chini ya mamlaka yake. Na ya 15, mwaka 1870, yakakataza kumnyima mwanamume kura kwa sababu ya rangi yake. Wanawake walisubiri hadi Marekebisho ya 19 ya mwaka 1920. Weusi wa kusini, ingawa haki yao ilikwishaandikwa, waliendelea kuzuiwa kwa kodi na mitihani ya hila hadi vuguvugu lililoongozwa na Martin Luther King Mdogo na wenzake lilipozaa Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa mbali na historia hiyo. Sultani Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na konsuli wa kwanza wa nchi hiyo alifika Unguja mwaka 1837. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta kitambaa ambacho jina lake limebaki katika Kiswahili: merikani. Kilifumwa kaskazini kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini, na vita vilipoanza, kikaadimika hata huku.

Yapo maswali ambayo makosa yake hayaishii katika chumba cha mtihani. Orodha inauliza ni nani mwenye haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa shirikisho na kugombea nafasi za shirikisho, na jibu ni raia. Mkazi wa kudumu hana haki hizo. Hata hivyo, tangu sheria ya mwaka 1993, katika majimbo mengi mtu anayeomba leseni ya udereva huulizwa papo hapo kama anataka kuandikishwa kuwa mpiga kura. Asiye raia akijaza fomu hiyo kwa kudhani ni sehemu ya leseni, na akatia alama panapothibitisha uraia, amejitangaza raia kwa uongo. Kujitangaza hivyo, au kupiga kura kinyume cha sheria, kunaweza kumfanya anyimwe uraia na hata kuondolewa nchini. Mwenye shaka na fomu asiitie saini kabla haijasomwa na mtu anayeielewa.

Raia huitwa pia kuhudumu katika jopo la wananchi mahakamani. Jopo hilo lisichanganywe na wazee wa baraza wanaofahamika katika Mahakama Kuu hapa nchini, ambao hutoa maoni yasiyomfunga jaji. Huko, wananchi hao ndio wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia au hana.

Mwombaji anayeshindwa sehemu yoyote hupewa nafasi ya pili ndani ya siku 60 hadi 90, na hurudia sehemu aliyoshindwa pekee. Anayefaulu na kuidhinishwa bado si raia hadi ale kiapo. Katika kiapo hicho hutamka kuwa anaacha utii kwa dola nyingine yoyote.

Kwa Mkenya, Katiba ya mwaka 2010 humruhusu kubaki raia wa nchi zote mbili. Kwa Mkongomani, Katiba ya mwaka 2006 inasema uraia wa nchi hiyo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Kwa Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, Sheria ya Uraia, Sura ya 357, humwondolea uraia wa Tanzania, na hivyo haki ya kutumia pasipoti ya Tanzania, kupiga kura na kumiliki ardhi kama raia. Mambo hayo, pamoja na hatima ya mashamba na nyumba zilizoandikwa kwa jina lake, hushughulikiwa vyema kabla ya siku ya kiapo, kwa kuwasiliana na Idara ya Uhamiaji au Ubalozi wa Tanzania uliopo Washington.