Maana na Matumizi ya Neno "Fallback" katika Mikataba: Tatizo la Kisawe cha Kiswahili

Makala haya yanachunguza maana ya neno la Kiingereza "fallback" na namna linavyoweza kufasiriwa katika mikataba ya fedha. Neno hili limetokana na kitenzi chenye maana ya kurudi nyuma, kama askari waliozidiwa wanavyorudi ngomeni. Kwa hiyo linabeba mambo matatu: kuna chaguo la kwanza linalopendelewa, chaguo hilo limeshindikana, na lipo jingine la kukimbilia, hata kama si bora kama la kwanza.

Kisawe kinachomjia mfasiri kwa wepesi ni "mbadala". Hata hivyo, mbadala huweza kuyaweka machaguo mawili sako kwa bako. Mkopaji akisoma kwamba riba ya pili ni "mbadala", anaweza kudai kuwa ana hiari ya kuichagua ilhali ya kwanza ingalipo.

Uzito wa suala hili unadhihirishwa na LIBOR, riba ya marejeleo ya London iliyotumika katika mikopo mingi duniani. Mwaka 2017, mamlaka ya usimamizi wa masoko ya fedha ya Uingereza ilieleza kwamba baada ya 2021 benki hazingeshurutishwa tena kuwasilisha viwango vyake. Mikataba mingi ya zamani ilikuwa na vifungu vya "fallback", lakini viliandikwa kwa kudhani kwamba riba ingekosekana kwa muda mfupi tu. Baadhi viliagiza kitumike kiwango cha mwisho kilichotangazwa. Kwa hiyo, LIBOR ikikoma kabisa, riba ya kupanda na kushuka ingegeuka kuwa isiyobadilika. Mwaka 2022 Marekani ilitunga sheria ya kuinusuru mikataba ya namna hiyo.

Kwa matumizi ya jumla, makala haya yanapendekeza neno "akiba". Mchezaji wa akiba haingii uwanjani mpaka mwenzake atoke; mpangilio wa machaguo unahifadhiwa. Lakini katika benki, "riba ya akiba" itaeleweka kuwa faida ya fedha zilizowekwa. Hapo ni heri mfasiri aandike kwa urefu: "riba itakayotumika endapo riba ya msingi itakoma". Katika mkataba, ufupi usioeleweka ni gharama kwa mwenye kutia saini.