Kaibab: Mlima Uliosafishwa Simba

Katika miaka ya 1920 ulizuka ugomvi wa ajabu katika jimbo la Arizona, magharibi ya Marekani. Askari wa jimbo walikuwa wakiwakamata watu waliopatikana na mizoga ya kulungu, na watu hao, badala ya kuomba radhi, walieleza kwamba wameua kwa idhini ya Serikali Kuu. Sheria ya jimbo iliweka mipaka mikali ya uwindaji. Serikali Kuu nayo ilisema kwamba msitu ni mali yake, kwamba kulungu wanauteketeza, na kwamba hapana budi wauawe. Askari alisimama katikati, mzoga uko mbele yake, asijue amtii nani. Ili tuelewe jinsi mambo yalivyofika hapo, yatupasa turudi nyuma miaka kama ishirini.

Kaskazini ya lile korongo kubwa mno liitwalo Grand Canyon kuna uwanda wa juu unaoitwa Kaibab. Ni nchi ya misonobari na baridi kali, nayo imeinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kusini imekatwa na korongo lenye kina cha zaidi ya kilometa moja na nusu, na pande nyingine imezungukwa na nchi kame. Ni kama kisiwa katikati ya jangwa, na mnyama azaliwaye humo kwa kawaida hufia humo. Kulungu wa huko wana masikio marefu kama ya nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, na kwa sifa hiyo ndiyo walivyopewa jina lao kwa Kiingereza. Jike mwenye afya huzaa pacha mara nyingi.

Mnamo Novemba 1906 Rais Theodore Roosevelt, ambaye mwenyewe alikuwa mwindaji hodari, alitangaza kwamba eneo hilo litakuwa hifadhi ya wanyama wa kuwindwa. Nia ilikuwa njema. Kulungu wakati huo walikadiriwa kuwa 4,000 hivi, nao walipigwa marufuku kuuawa. Lakini ulinzi huo ulikuwa na upande wa pili. Wanyama wote walao kulungu walihesabiwa kuwa waharibifu, na serikali ikaajiri watu wa kuwamaliza. Aliyejulikana kuliko wote alikuwa James Owens, mlinzi wa wanyama, ambaye peke yake alijisifu kuwa ameua simba wa milimani zaidi ya 500. Roosevelt naye, akiwa amekwisha kuacha urais, alikwenda Kaibab mwaka 1913 kuwinda simba hao akiongozwa na Owens.

Simba wa milimani, au puma, si simba tumjuaye sisi. Hana manyoya ya shingoni, hutembea peke yake kama chui, na kwa kawaida huvizia usiku. Kwa hesabu zilizochapishwa baadaye, katika robo karne tangu 1906 waliuawa Kaibab puma karibu 800, paka-mwitu zaidi ya 500, na koyote, ambao ni jamaa ya mbweha, karibu 5,000. Mbwa mwitu wa huko (ambao si hawa wa Afrika wenye mabaka, bali ni wakubwa zaidi na wenye manyoya mengi) walikuwa wachache tangu mwanzo. Wapatao 30 waliuawa, na ilipofika katikati ya miaka ya 1920 hakubaki hata mmoja.

Kwa miaka ya mwanzo kila mtu alifurahi. Kulungu walionekana kila mahali, na watalii walisimamisha magari yao wakawahesabu kwa mamia katika malisho ya jioni. Maofisa wa misitu hata hivyo walianza kuona jambo lililowatia wasiwasi. Miti michanga haikuwa ikiota tena. Vichaka vilikuwa vimeliwa mpaka kwenye mti mgumu, na matawi ya miti mikubwa yaliishia yote kwa kimo kimoja, kana kwamba mtu amepita na kamba akayakata. Kimo hicho kilikuwa kile awezacho kukifikia kulungu asimamapo kwa miguu ya nyuma na kunyoosha shingo. Yeyote aliyewahi kulinda mpaka wa hifadhi anaweza kuisoma alama hiyo, maana mbuzi huiacha vilevile katika vichaka vya kijiji.

Mwaka 1924 kamati ilitumwa kwenda kutazama. Watu hawakukubaliana hata juu ya idadi. Msimamizi wa msitu alisema kulungu ni 30,000. Wageni waliopita walisema 100,000. Hata hivyo kamati haikuwa na shaka juu ya hali ya majani, ikashauri kulungu wapunguzwe upesi.

Kupunguza ni neno jepesi kulisema. Walijaribu kuwakamata watoto wa kulungu na kuwapeleka kwingine. Idadi iliyoondolewa ilikuwa kama tone katika mtungi. Waliwafungulia wawindaji, lakini nchi ilikuwa mbali, barabara mbaya, na wengi walitaka dume lenye pembe nzuri la kutundika ukutani. Dume mmoja huweza kuwapanda majike wengi, hivyo kuua madume peke yao hakupunguzi uzazi wa mwaka unaofuata.

Kisha likaja jaribio ambalo hata leo husimuliwa kwa kicheko. Mtu mmoja wa mji wa Flagstaff, George McCormick, alipendekeza kuwaswaga kulungu kwa maelfu kama ng'ombe, wateremke korongoni, wavuke mto Colorado kwa kuogelea, wapande ng'ambo ya kusini, naye alipwe kwa kila kichwa. Serikali ilikubali. Desemba 1924 walikusanyika watu wapatao mia, wengi wao Wanavajo waliotembea kwa miguu, wakipiga kengele na madebe, pamoja na wapanda farasi. Mwandishi maarufu wa riwaya, Zane Grey, alikuwapo na wapiga picha za sinema. Theluji ikaanguka. Mstari wa waswagaji ukakatika, watu wakapoteana katika ukungu, na kulungu wakageuka wakapita katikati yao kurudi walikotoka. Hakuna hata mmoja aliyevuka mto. Askari aliyewahi kushiriki msako wa kuzingira msitu ataelewa upesi kosa lilikuwa wapi: mstari ulikuwa mrefu kuliko watu waliokuwapo, na adui hakuwa na sababu ya kwenda upande aliotakiwa.

Baridi za 1924 hadi 1926 zilifanya kazi ambayo wanadamu waliishindwa. Kulungu walikufa kwa njaa kwa maelfu mengi, mbavu zikiwa nje, tumboni mwao mna majani makavu ya misonobari yasiyo na lishe. Idadi ikaendelea kushuka kwa miaka mingi baadaye, kwa kuwa malisho yaliyokwisha kuliwa mizizi hayarudi kwa mvua ya mwaka mmoja.

Ndipo ule ugomvi wa askari na sheria ulipofika mahakamani. Gavana wa Arizona, George Hunt, alishikilia kwamba kulungu wako chini ya sheria ya jimbo, popote wasimamapo. Serikali Kuu ilishikilia kwamba mwenye shamba ana haki ya kulinda shamba lake lisiharibiwe. Novemba 1928 Mahakama ya Juu ya Marekani iliipa ushindi Serikali Kuu. Lakini majaji waliongeza sharti ambalo kwa maoni yangu lina hekima ya kazi ya polisi: kila mzoga au kipande cha nyama kitakachotolewa nje ya mipaka ya hifadhi kiwe na alama ya wazi, ionyeshe kwamba mnyama aliuawa kwa amri halali na ndani ya eneo hilo. Bila hivyo, jangili yeyote wa jimbo angejificha nyuma ya kibali cha serikali, na askari wa kizuizini asingekuwa na njia ya kumtambua mkweli na mwongo.

Habari za Kaibab zilienezwa zaidi na Aldo Leopold, ofisa wa misitu aliyeanza kazi Arizona mwaka 1909, na ambaye ujanani alikuwa akiwapiga risasi mbwa mwitu bila kusita. Mwaka 1933 alitoa kitabu juu ya usimamizi wa wanyama wa kuwindwa, kilichofanya kazi hiyo ifundishwe vyuoni, na kabla ya kufa kwake mwaka 1948 aliandika akikiri kwamba alikosea juu ya mbwa mwitu. Si rahisi kwa mtu wa bunduki kuandika hivyo.

Haifai hata hivyo kuficha kwamba hadithi hii imepingwa. Mwaka 1970 mtaalamu Graeme Caughley alionyesha kwamba takwimu za idadi ya kulungu zilikuwa za kukisia tu, na kwamba katika miaka hiyohiyo kondoo na ng'ombe wengi waliondolewa Kaibab, hivyo huenda kulungu waliongezeka kwa sababu walipata majani ya mifugo. Hoja yake ilikuwa nzito. Lakini mwaka 2006 watafiti wengine walichapisha matokeo ya kuhesabu pete za ndani ya shina za miti iitwayo aspeni, wapate kujua kila mti uliota mwaka gani, wakakuta pengo: miti iliyopaswa kuota na kukua katika miaka ile ya wingi wa kulungu haikuwapo. Basi ulaji ule ulitokea kweli. Kama chanzo kilikuwa kuuawa kwa puma, au kuondolewa kwa kondoo, au kukatazwa kwa uwindaji, pengine vyote vilichangia.

Kwetu Uganda mfano wa karibu ni Ziwa Mburo. Huko, katika nchi ya Ankole, simba waliuawa kwa sababu walikula ng'ombe, na kwa miaka mingi eneo hilo halikuwa na simba wa kudumu, ijapokuwa chui na fisi walibaki. Swala pala nao wapo kwa wingi, na hawajui mpaka wa hifadhi iliyotangazwa kuwa ya taifa mwaka 1983. Hutoka wakala majani katika mashamba ya wafugaji. Mfugaji asiyepata chochote kwa swala humwona kuwa mwizi wa malisho. Mwaka 2001 Mamlaka ya Wanyamapori iliruhusu kwa majaribio uwindaji wa kulipia katika ardhi hizo za nje, ili sehemu ya ada iwafikie wenye ardhi. Mpango wa namna hiyo huwa imara kadiri ulivyo imara ukaguzi wake. Kibali kisiposomwa kizuizini, nyama ya kibali na nyama ya wizi huchemka chungu kimoja.

Na bunduki inaweza kumaliza haraka. Katika miaka ya 1970 na vita vya 1979, tembo wa Uganda waliokuwa wakihesabiwa kwa makumi ya maelfu walipunguzwa wakabaki elfu chache, na risasi nyingi zilikuwa za kivita. Sumu nayo haihitaji hata bunduki: mwaka 2018 simba 11, wakiwamo watoto wanane, walikutwa wamekufa kwa sumu karibu na kijiji cha wavuvi cha Hamukungu, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth.

Kaibab ya leo huwindwa kwa vibali vya kupiga kura. Puma wapo. Mbwa mwitu ndio ambao hawakurudi, ila mara moja. Mwishoni mwa 2014 jike mmoja, aliyevikwa mkanda wa redio shingoni mapema mwaka huo katika jimbo la Wyoming, alionekana kwenye uwanda huo baada ya mwendo wa mamia ya kilometa, naye alikuwa wa kwanza kujulikana huko baada ya miaka 70 hivi. Watu walimshangilia. Tarehe 28 Desemba, akiwa amevuka kuingia jimbo jirani la Utah, alipigwa risasi na mwindaji mmoja, ambaye alieleza kwamba alidhani ni koyote.