Moyo wa Tabibu Nao Hupimwa
Serikali ya Somalia ilipoanguka Januari 1991, Wabajuni wengi wa visiwani walikimbilia Kenya kwa vyombo vya bahari. Tabibu anayeuguza nyoyo zilizopatwa na misiba kama hiyo naye huguswa: huingiwa na hasira, huruma au woga. Mwaka 1910 Sigmund Freud alimtaka tabibu azitambue hisia hizo na kuzishinda. Mwaka 1950 Paula Heimann akaandika kwamba zikichunguzwa humfunulia tabibu yaliyofichika kwa mgonjwa. Ndiyo maana tabibu hukaa na mwenzake mwenye uzoefu wakazipima pamoja. Askari anayepokea maelezo ya mkimbizi yumo katika mtihani uo huo. Hasira isiyotambuliwa hugeuka hukumu. Ikitambuliwa, hupimwa kabla ya hatua kuchukuliwa.