Miti ya Mikinduri na Watu Waitunzao Bila Mshahara

Mukinduri ni mti ujulikanao na kila mtoto wa Meru na Embu. Huwa mrefu, kichwa chake hutandaa kama mwavuli, na majani yake yana rangi kama ya fedha upande wa chini. Mbuzi hawayapendi kwa uchungu wake, ukame hauudhuru upesi, nyuki huyapenda maua yake, na kuku hula mbegu zake zilizopasuliwa. Kwa sababu hizo wazee waliuchagua kuwa mti wa mpakani. Wingi wa mukinduri ni mikinduri, na hilo ndilo jina la mji mdogo wa Tigania ulio upande wa kusini wa milima ya Nyambene, mahali nchi inapoanza kushuka kuelekea Tharaka.

Wasomaji wamekwisha kusikia mengi juu ya kupanda miti. Mwezi wa Desemba 2022 serikali ya Kenya ilianza mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 watu wote walipewa siku ya mapumziko ili wapande. Hayo ni mema. Lakini kupanda mche ni kazi ya dakika chache, na mvua ya Novemba hufanya kila mche uonekane hodari. Jambo gumu ni mwezi wa Februari, jua linapowaka na mbuzi wa jirani amekata kamba. Ni nani atakayekuja siku hiyo na ndoo ya maji? Na baada ya miaka 5, mti ukiwa umejaza matawi na kuyatia mahindi kivuli, ni nani atakayepanda juu kuupogoa?

Marehemu Profesa Wangari Maathai aliliona jambo hili mapema. Alipoanzisha chama cha Green Belt mwaka 1977, akina mama walilipwa senti chache, na hawakulipwa kwa mche uliotiwa shimoni, bali kwa mche ulioonekana kuwa hai baadaye. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno, lakini ndiyo iliyofanya kazi yao isimame.

Katika nchi ya Meru kazi ya namna hii hufanywa sana na vikundi vidogo vya wakulima. Mpango mmoja ulioenea huitwa TIST. Ulianza Mpwapwa, katika mkoa wa Dodoma, Tanzania, mwaka 1999, ukaingia Kenya mwaka 2004. Kikundi kimoja huwa na watu 6 hadi 12, nao sharti watoke katika jamaa zaidi ya moja, wasije wakawa ni baba na wanawe tu. Uongozi huzunguka: aliye mwenyekiti juma hili, juma lijalo huketi pamoja na wengine. Wana desturi waiitayo kujengana, ambayo mkutano ukiisha kila mtu humwambia kiongozi wa siku hiyo jambo moja jema alilolitenda. Mtu asiyeizoea desturi hiyo huweza kucheka. Hata hivyo afadhali hiyo kuliko mikutano ile ambayo mwenyekiti ni mmoja kwa miaka 20, na kitabu cha fedha hulala chini ya mto wake.

Nimesema bila mshahara, na yafaa nieleze, kwa maana wako wanaodhani kwamba watu hawa wanatajirika kwa fedha za ng'ambo. Miti inapokua huvuta hewa ya kaboni na kuiweka katika mbao na mizizi yake, na kampuni za nchi za mbali hulipa kwa kazi hiyo. Malipo ya kwanza ya mkulima yalipangwa kuwa senti 2 za dola ya Kimarekani kwa kila mti ulio hai kwa mwaka. Tupige hesabu. Watu 10, kila mmoja ana miti 100, jumla ni miti 1,000. Malipo ya mwaka ni dola 20, yaani dola 2 kwa kila mtu. Fedha hizo hazitoshi kununua hata panga zuri. Ni kweli kwamba faida ikipatikana baada ya mauzo na gharama, asilimia 70 ni ya wakulima, lakini faida hiyo hungojewa kwa miaka mingi. Basi mtu anayeamka mapema kwenda kupogoa miti ya mwenzake hafanyi hivyo kwa ajili ya dola 2.

Afanya kwa sababu gani, basi? Nadhani jibu limo katika kazi zenyewe. Shamba ni la mtu mmoja, na hati yake ina jina moja, lakini ua, kivuli, nzi na maji havisomi hati.

Tuanze na ua. Nyua nyingi za huku ni za michongoma, ule mti wa miiba mirefu na matunda ya manjano yaliyo machungu kama ndimu. Ukikatwa kila mwaka ni ukuta usiopitwa na ng'ombe wala mwizi. Ukiachwa miaka 3 au 4 huwa kichaka, hula hatua mbili za shamba kila upande, huficha nyoka, na wivu huanza kati ya majirani, kila mmoja akisema ni wajibu wa mwenziwe kuukata. Mtu mmoja hawezi kuukata ua wa mpakani vizuri, kwa kuwa upande wa pili haufikii bila ya kuingia shamba la jirani. Kikundi kikija na mapanga 8, wanne upande huu na wanne upande ule, kazi iliyokuwa ya juma zima huisha kabla ya chakula cha mchana, na ugomvi huisha pamoja nayo. Juma lijalo ni zamu ya ua mwingine.

Wengine wameanza kubadili nyua za ndani ya shamba na kupanda kaliandra, kijiti kilichotoka Amerika ya Kati. Hili ni jambo ambalo wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wangepaswa kulijua kwa moyo, maana majaribio yake yalifanywa hapa karibu, Embu, katika miaka ya 1990. Ilionekana kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zaweza kushika mahali pa kilo 1 ya chakula cha ng'ombe kinunuliwacho dukani. Vijiti kama 500 vyatosha kumlisha ng'ombe mmoja nyongeza hiyo mwaka mzima, navyo havihitaji shamba la peke yake: hupandwa kwa mstari mpakani, kandokando ya njia, au kwenye kingo za matuta, mahali ambapo vilevile huzuia udongo usiteremke. Mkato wa kwanza hufanywa baada ya kama mwaka mmoja, ukiacha kisiki kifikacho magotini au kiunoni, na baada ya hapo kila miezi 2 hivi. Atakayekata chini kabisa ili apate majani mengi siku moja ataviua vijiti vyake.

Mti wa pili ni grevilea, uitwao mukima na wengi wa huku. Ulitoka Australia, ukapandwa kwanza kwa kivuli cha chai na kahawa, na sasa umejaa mipakani kote. Wakulima wengi huupanda na kuusahau, kisha hulalamika kwamba mahindi hayazai. Mti haukukosa, ni panga lililokosa. Matawi ya chini yakiondolewa kila mwaka kabla ya mvua, yakikatwa karibu na shina bila kuacha vijiti na bila kuchuna ganda, jua hufika chini, shina hunyooka na kuwa mbao nzuri, na mama wa nyumba hupata kuni bila ya kwenda msituni. Kazi hii ina hatari. Yatakikana mtu wa juu, mtu wa kamba na mtu wa kuwafukuza watoto. Hapo tena mtu mmoja hatoshi.

Lakini mfano ulio wazi kuliko yote ni bustani za matunda. Mwaka 2003 ilionekana katika Kenya aina ya nzi wa matunda mgeni kutoka Asia. Jike hutoboa embe na kutaga mayai ndani. Mwenyewe haoni kitu mpaka alikate embe na kulikuta limejaa funza. Nzi huyo alitia hasara kubwa hata Kenya yenyewe ikaacha kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014, na safari hizo hazikuanza tena mpaka mwaka 2021. Dawa iliyo rahisi kuliko zote haina gharama: kuokota matunda yote yaliyoanguka, kila siku, na kuyazika shimoni kwa kina cha kutosha, au kuyafunga ndani ya mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani hata funza wafe. Sasa fikiri. Mkulima aokota kila asubuhi bila kukosa, na ng'ambo ya ua jirani yake ameyaacha maembe yaoze. Nzi huruka. Kazi ya mkulima yule imekuwa bure kabisa. Kwa hiyo vikundi vikatavyo shauri kuokota katika mashamba yote, hata ya wasio wanachama, havifanyi ukarimu tu. Vinalinda mali yao wenyewe.

Jambo hili la matunda lina uzito zaidi Tigania na Igembe kuliko mahali pengine. Kwa miaka mingi fedha za huko zimetoka katika miraa, na hakuna awezaye kuwafundisha watu wa Nyambene kuutunza mti: iko miraa ya zamani iliyorithiwa kwa vizazi, ikipogolewa kwa mkono kila mara. Lakini soko ni jambo jingine. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka 2013, Uingereza ikafuata mwaka 2014, na Somalia ilizuia ndege za miraa kuanzia mwaka 2020 hadi 2022. Mwenye miraa tu alijifunza kwa uchungu. Mwenye miraa, na katikati yake makadamia na maparachichi machache ya kupandikizwa, alikuwa na kitu cha kuuza. Parachichi lililopandikizwa huanza kuzaa baada ya miaka 3 hivi, na maarifa ya kupandikiza ni rahisi kuyapata katika kitalu cha kikundi kuliko katika kitabu.

Kuna miti mingine ambayo kazi yake ni kutopandwa. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kandokando ya mito na chemchemi iondolewe, kwa kuwa hunywa maji mengi. Mwaka uo huo kanuni za kilimo zilimtaka kila mkulima aweke miti katika sehemu moja ya kumi ya shamba lake. Vikundi vingi hupanda miti ya asili mitoni, kama vile muringa, na kuziachia kingo za mito zipone. Zamani nchi ya Meru ilikuwa na misitu mitakatifu isiyokatwa, kama Giitune, nayo ililindwa na desturi na wazee wala si kwa seng'enge. Ambao leo wanailinda chemchemi ya kijiji kwa zamu wanafuata njia ile ile.

Sitaki msomaji adhani kwamba mambo yote ni mazuri. Januari huja na karo za shule, na mnunuzi wa mbao huja pamoja nayo akiwa na msumeno wa mota na noti mkononi. Mti uliotunzwa na watu 10 kwa miaka 12 huangushwa na mwenyewe asubuhi moja, na kwa haki, kwa kuwa ni wake. Vikundi vilivyofikiri mbele huwa na akiba ndogo ya kukopeshana mwezi huo. Visivyofikiri huhesabu visiki. Pia mashamba hugawanywa kwa wana, na ua unaogawanywa mara tatu huacha nafasi ndogo ya kitu kingine. Vijana nao huuliza, kwa haki yao, kwa nini wapogoe miti ya babu asiyetaka kusema ni nani atakayeirithi.

Na liko kundi moja ambalo nalitaja kwa kuwa mimi ni mmoja wao: makarani na wafanyakazi wa mjini wenye shamba nyumbani. Shamba la karani hujulikana toka mbali. Ua wake ni kichaka, maembe yake huoza chini, na mwenyewe huja Krismasi akiwa na viatu vyeusi. Wenzake kijijini huukata ua wake kwa sababu nyoka watokao humo huingia kwao, nao hawampelekei hesabu. Asiyeweza kuja kwa zamu yake aweza walau kununua panga mbili na kamba moja ya kikundi, au kulipia mifuko ya kitalu.

Kuhusu kitalu chenyewe, mwenye nia na aanze mapema. Katika sehemu hizi mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa kuliko zile za Machi. Mbegu za mukinduri hazitaki maji ya moto wala dawa. Huokotwa chini ya mti zikiwa mpya, huondolewa ganda, hupandwa, na huchipuka kwa muda wa majuma 5 hadi 7. Kisha mche hutaka miezi kadhaa kabla ya kuwa tayari kwa shamba. Kikundi kitakacho kupanda mvua zikinyesha mwezi wa Oktoba sharti kiwe kimetia mbegu udongoni ifikapo Mei.