Kazi za Mabua ya Mpunga Katika Japani

Mkulima akisha kupura mpunga wake, hubaki na rundo la mabua makavu. Wengi huwapa ng'ombe, na wengine huyatia moto. Katika Japani, kwa mamia ya miaka, rundo hilo lilikuwa kama ghala la pili. Humo mkulima alipata viatu, koti la mvua, kamba, majamvi na magunia, bila kutoa hata senti moja dukani.

Kazi hii ilifanywa wakati wa baridi, mashamba yakiwa chini ya theluji. Jambo la kwanza, nalo ndilo lenye kuchosha, ni kutayarisha mabua. Majani mafupi ya nje huchanuliwa yatoke, yabaki mabua marefu tu. Kisha hunyunyiziwa maji na kupigwa kwa nyundo ya mti juu ya jiwe mpaka yalainike. Mtu asiwe na haraka hapa, kwa maana bua lisilopigwa huvunjika likikunjwa, na kamba yake haifai kitu.

Kamba husokotwa kwa viganja. Mafungu mawili husokotwa kila moja kwa upande mmoja, kisha huzungushwa pamoja kwa upande wa pili, ndipo yashikane yasifumuke. Mabua mengine huongezwa kidogo kidogo, na kamba huendelea kadiri mtu atakavyo.

Kwa kamba hiyo walifuma ndara ziitwazo waraji. Mfumaji hukaa chini na kutega kamba katika vidole vya miguu yake mwenyewe, hana haja ya chombo kingine. Ndara hizo zilichakaa upesi, kwa hiyo msafiri alichukua jozi za akiba. Hata farasi walivishwa viatu vya mabua, maana zamani Wajapani hawakuwapigilia vyuma kwatoni. Vilivyokwisha kazi vilitupwa katika mbolea, vikarudi shambani.

Koti la mvua, mino, lilipangwa tabaka juu ya tabaka, na maji yaliteremka kama juu ya paa la nyasi. Gunia lake, tawara, lilichukua mchele kilo 60, yaani kama madebe 4. Magunia hayo yamekwisha, lakini hata leo Wajapani hutaja bei ya mchele kwa kilo 60. Maharagwe ya soya yaliyopikwa nayo yalifungwa katika mabua. Vijidudu vilivyomo huyachachusha yakawa natto, chakula chenye utelezi na harufu kali ambacho mgeni hakizoei upesi!

Baadaye zilikuja bidhaa za plastiki, na mashine za kuvuna ambazo hukatakata mabua vipande vidogo na kuyamwaga shambani. Mashine hizo zimempunguzia mkulima taabu nyingi, lakini fundi hawezi kusokota vipande vya namna hiyo. Anayetaka mabua marefu leo lazima ayavune kwa njia nyingine na kuyakausha mwenyewe.

Hata hivyo wapo wanaofanya hivyo. Katika hekalu kubwa la Izumo imetundikwa kamba ya mabua yenye urefu wa zaidi ya mita 13 na uzito wa tani 5 hivi. Baada ya miaka kadhaa huteremshwa, na watu wa mji wa Iinan hukusanyika kusokota nyingine.