Wakulima waandike wenyewe daftari la mvua

Na Mwandishi Wetu

KILA msimu unapokaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutangaza mwelekeo wa mvua. Redio zinasoma, magazeti yanaandika, na mkulima anasikia kwamba eneo lake litapata mvua za "wastani hadi chini ya wastani". Baada ya hapo anabaki na swali moja: nipande nini?

Kinachokosekana hapo ni elimu ya kuutafsiri utabiri katika shamba lenyewe. Elimu hiyo haipatikani yote katika vitabu vya wataalamu, kwa sababu sehemu yake kubwa iko vijijini na haijaandikwa.

Wastani ni nini?

Katika taarifa za TMA, mvua huitwa ya wastani ikiwa ni kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa miaka mingi wa eneo husika. Ikipungua chini ya asilimia 75 ni chini ya wastani, na ikizidi asilimia 125 ni juu ya wastani.

Tuchukue mfano wa kijiji ambacho kwa miaka mingi hupata milimita 600 kwa msimu. Hapo mvua ya milimita 450 ni ya wastani, na ya milimita 750 nayo ni ya wastani. Lakini mahindi huhitaji takriban milimita 500 hadi 800 kutegemea mbegu na joto la mahali. Kwa hiyo mkulima aliyepanda mahindi ya muda mrefu anaweza kukosa mavuno hata kama utabiri umetimia bila kasoro.

Asiyejua wastani wa kijiji chake hawezi kuyafanya mahesabu hayo. Muuza pembejeo naye hataweza kujua alete mbegu ya muda mfupi, au aongeze mtama unaovumilia ukame kuliko mahindi.

Mkebe na rula

Kupima mvua hakuhitaji mtaji mkubwa. Unahitaji mkebe wenye pande zilizonyooka, yaani mdomo na kitako viwe na upana sawa, pamoja na rula na daftari. Mkebe uwekwe mahali pa wazi, mbali na miti na paa la nyumba, na ufungwe imara usipinduke.

Kila siku saa 3 asubuhi, pima kina cha maji kwa milimita, andika tarehe na kiasi, kisha mwaga maji. Siku isiyo na mvua andika sifuri, maana siku kavu nayo ni taarifa. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba, sawa na takriban lita 4,000 kwa ekari.

Pamoja na vipimo, andikeni siku mliyopanda, mbegu mliyotumia, siku jua lilipokatiza na magunia mliyovuna. Baada ya misimu kadhaa, daftari litaonyesha ni mara ngapi mvua ya kwanza iliwadanganya watu wakapanda, kisha mbegu ikafia ardhini wakalazimika kununua tena.

Hata hivyo, misimu mitatu au minne haitoshi kusema tabianchi imebadilika. Hali ya hewa ni ya leo na kesho. Tabianchi ni mwenendo wa miaka mingi, na kwa kawaida wataalamu hutumia miaka 30 kuupima. Ndiyo maana daftari linapaswa kuwa la kikundi, lisipotee mwenye nalo anapohama au kufariki.

Maarifa yawe ya wote

Magharibi mwa Kenya, huko Bunyore, wazee wa ukoo wa Nganyi wanajulikana kwa kutabiri mvua kwa kuangalia miti, wadudu na ndege. Wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya walikaa nao, wakalinganisha dalili hizo na vipimo vyao, na kutoa utabiri wa pamoja ambao wananchi waliuelewa.

Maelezo ya jumla nayo yanaweza kuandikwa na wananchi. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, huandikwa na watu wanaojitolea. Makala zake zinaruhusiwa kunakiliwa, kuchapwa na kusomwa redioni bila malipo, ilimradi chanzo kitajwe na masharti ya leseni yake yafuatwe. Mwalimu au bwana shamba anaweza kueleza humo maana ya El Niño kwa lugha ambayo mkulima anaielewa.

Maelezo sahihi yanahitajika hapa. Wengi huamini kwamba mvua kubwa zote huletwa na El Niño. Mvua kubwa za vuli ya mwaka 2019 zilichangiwa zaidi na joto la Bahari ya Hindi upande wa magharibi, upande wetu, kuliko El Niño.

Lakini kila andiko lina mahali pake. Wikipedia hutaka habari zenye vyanzo vilivyochapishwa, hivyo vipimo vya mkebe wenu si vya kuwekwa huko. Vibaki katika daftari la kijiji, na nakala zitunzwe shuleni, kwenye ofisi ya kijiji na kwa ofisa ugani.

Uwazi huo una faida kwa biashara pia. Msafirishaji, mnunuzi wa mazao na chama cha akiba na mikopo wote hubahatisha pale wasipojua mvua ilinyesha kiasi gani. Daftari likiwa wazi, mkulima anayeomba mkopo wa mbegu anakuwa na cha kuonyesha mezani.

Kikundi kinachotaka kuanza kichague watu wawili wa kupima, ili mmoja akisafiri mwingine ashike zamu. Kisha kila mwisho wa mwezi jumla isomwe mkutanoni, wanakijiji waihakiki, na utabiri wa msimu ujao ukitangazwa ulinganishwe nayo kabla ya mtu kwenda dukani kununua mbegu.